Domeni Zilizoisha Muda na Nafasi kwenye Google: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutokana na yale ambayo wenye tovuti, waandishi wa blogu na mafundi wa tovuti huuliza tena na tena. Yamepewa namba ili pale jibu moja linapotegemea jingine msomaji aelekezwe huko.

## Misingi

1. Domeni iliyoisha muda ni ipi hasa?

Domeni ni jina la anwani ya tovuti. Sote husema "nimenunua domeni", lakini kwa hakika domeni hukodishwa. Unalipia mwaka mmoja au zaidi, hadi miaka 10 kwa mkupuo kwa domeni za .com, na tarehe ikifika bila malipo mapya, haki yako huanza kupungua hatua kwa hatua. Domeni iliyoisha muda ni ile ambayo mwenyewe hakuilipia tena, ama kwa kusahau, ama kwa kuona haina faida, ama kwa sababu taasisi iliyokuwa nayo haipo tena.

Ni vyema kutenganisha hali mbili ambazo huchanganywa sana. Ipo domeni ambayo muda wake umeisha lakini bado inashikiliwa na msajili, yaani kampuni inayoandikisha majina na kupokea malipo yake, na ipo iliyokwisha kufutwa kabisa na kurudi sokoni kama jina ambalo halijawahi kusajiliwa. Ya kwanza hupatikana mnadani, ya pili husajiliwa na yeyote atakayewahi.

2. Huchukua muda gani tangu domeni iishe hadi mtu mwingine aweze kuisajili?

Kwa domeni za .com, .net na nyinginezo zilizo chini ya kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, msajili anatakiwa kumpelekea mteja taarifa takriban mwezi mmoja kabla ya muda kuisha, nyingine takriban wiki moja kabla, na nyingine tena ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Baada ya hapo kuna kipindi cha neema kinachoweza kufika siku 45, ambacho msajili ana uhuru wa kukifupisha. Kisha siku 30 za ukombozi, ambapo mwenye domeni bado anaweza kuirudisha kwa kulipa ada kubwa zaidi. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, ambapo hakuna awezaye kufanya lolote.

Tuchukue domeni iliyoisha tarehe 1 Machi 2025. Msajili akiishikilia siku zote 45, itaingia kwenye ukombozi tarehe 15 Aprili, itaingia kwenye foleni ya kufutwa tarehe 15 Mei, na itaachiwa tarehe 20 Mei. Hiyo ndiyo hesabu ya kwenye karatasi. Katika biashara, domeni yenye thamani hufika huko mara chache, kwa kuwa wasajili wengi huipeleka mnadani ingali kwenye kipindi cha neema, na mshindi huhamishiwa jina bila lenyewe kufutwa hata mara moja.

3. Kwa nini watu wanazitafuta?

Kwa sababu ya viungo, yaani maneno yanayobofywa kwenye ukurasa mmoja ili kufika kwenye mwingine. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine zenye heshima umehesabiwa kuwa na uzito zaidi ya ule usioelekezewa na mtu. Tovuti mpya haina kiungo hata kimoja. Domeni ya chama cha madaktari kilichodumu miaka 12 inaweza kuwa na viungo kutoka vyuo vikuu, magazeti na wizara, na viungo hivyo havifutiki siku chama kinapoacha kulipa. Vinabaki kwenye kurasa za watu, vikielekeza kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Anayeinunua anataka kuhamia kwenye nyumba hiyo na kupokea wageni waliokuwa wakija kwa mtu mwingine. Maswali yote yaliyobaki yanahusu kama wageni hao watakubali kupokelewa naye.

4. Je, umri wa domeni peke yake unasaidia?

Hapana. Tarehe ya usajili si sifa ambayo Google huipa alama. Domeni ya mwaka 2003 ambayo haikuwahi kuwa na tovuti ya maana haina faida juu ya ile uliyoisajili jana. Wauzaji huitangaza tarehe hiyo kwa sababu ni rahisi kuionyesha, na kwa sababu domeni iliyonunuliwa mnadani kabla ya kufutwa huendelea kubeba tarehe yake ya zamani, wakati iliyofutwa na kusajiliwa upya huanza na tarehe mpya.

## Msimamo wa Google

5. Je, Google imekataza kutumia domeni zilizoisha muda?

Haikukataza kuzitumia. Ilichokataza ni kuzitumia vibaya. Tarehe 5 Machi 2024 Google ilitangaza sera tatu mpya dhidi ya maudhui taka, na mojawapo inahusu domeni zilizoisha muda: ni kosa kununua domeni ya namna hiyo na kuigeuza kwa lengo kuu la kuchezea nafasi za utafutaji, kwa kuwekea maudhui yenye faida ndogo au yasiyo na faida kwa msomaji. Mifano iliyotolewa haikuacha mashaka: kurasa za kamisheni ya mauzo kwenye tovuti iliyokuwa ya taasisi ya serikali, dawa za biashara kwenye tovuti iliyokuwa ya shirika la hisani la afya, na kamari kwenye tovuti iliyokuwa ya shule ya msingi.

Sera hiyohiyo inasema si kosa kutumia domeni ya zamani kwa tovuti mpya ya asili, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya watu. Kwa hiyo kinachopimwa ni kusudi pamoja na kile kilichowekwa, na wala si historia ya jina peke yake. Atakayekutwa na kosa anaweza kushushwa nafasi au kuondolewa kabisa kwenye matokeo.

6. Google inajuaje kwamba domeni imebadili mikono?

Si lazima ijue jina la mwenye mali. Kinachoonekana waziwazi ni mwenendo: tovuti ilikuwa na kurasa mia mbili kuhusu malezi ya watoto, ikatoweka miezi minne, ikarudi kwenye seva nyingine, kwa lugha nyingine, ikiwa na kurasa elfu tatu za ubashiri wa mechi. Anwani za zamani zimekufa zote, na maneno ya viungo vinavyokuja ("kliniki ya watoto", "ratiba ya chanjo") hayahusiani hata kidogo na kilichopo. Mtu yeyote angeitambua tofauti hiyo kwa kutazama mara moja, na mashine huiona vilevile.

Matokeo yake mara nyingi si adhabu. Viungo vya zamani hupuuzwa tu, na mnunuzi hubaki na domeni ambayo namba za watoa takwimu (tazama swali la 9) zinaisifu ilhali kwenye utafutaji ni sawa na mpya. Hilo ndilo jambo linalotokea zaidi, na halisimuliwi sana kwa kuwa hakuna barua wala onyo linalokuja; mtu husubiri miezi sita na hakuna kinachosogea.

7. Mbona naona tovuti za namna hiyo zikipanda?

Ni kweli zipo, na atakayekuambia hazipo hajatazama matokeo ya utafutaji. Blogu ya The Hairpin ya Marekani, iliyoheshimika kwa uandishi wa wanawake, ilifungwa mwaka 2018; mapema 2024 iliripotiwa kuwa domeni yake imechukuliwa na mfanyabiashara aliyeijaza makala zilizotengenezwa na akili mnemba. TUAW, blogu ya habari za Apple iliyofungwa mwaka 2015, iliibuka tena mwaka 2024 chini ya wamiliki wapya, na makala zake za kale zikiwa zimeandikwa upya na mashine na kutiwa majina ya waandishi wa zamani, ambao hawakuwa na habari. Waligundua majina yao yakifanya kazi pasipo wao.

Wanaofanya hivyo hununua domeni kwa mamia, wakijua nyingi zitakufa na chache zitalipa kwa miezi michache kabla nazo hazijashushwa. Ni biashara ya wingi. Mwenye duka moja, hoteli moja au gazeti moja hana mamia ya majina ya kupoteza, kwa hiyo kuiga mbinu yao ni kucheza mchezo wao kwa mtaji wako wote.

## Kabla ya kununua

8. Nichunguze nini kwanza?

Historia, kabla ya namba yoyote. Fungua Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1996, andika domeni, kisha pitia mwaka baada ya mwaka bila kuruka. Nasisitiza bila kuruka. Mteja mmoja alinijia na domeni aliyoipata mnadani kwa dola 340, iliyokuwa ya chuo kidogo cha ufundi. Alikuwa ametazama picha ya 2010, akaona karakana, wanafunzi na fomu za kujiunga. Akatazama ya karibuni, akaona ukurasa mtupu unaosema jina linauzwa. Katikati hakupita. Tulipopita pamoja tulikuta 2016 ikiuza mikoba kwa Kijapani, na 2019 ikiwa na kurasa za mashine za kamari kwa Kiindonesia, nyekundu na dhahabu, zikimetameta. Alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lilikuwa wazi.

Pili, orodhesha viungo vinavyoelekea kwenye domeni hiyo kwa kutumia Ahrefs, Majestic au chombo kingine utakachoweza kukilipia, kisha ufungue kurasa zenyewe, walau hamsini za mwanzo. Usiridhike na orodha. Jiulize kuhusu kila ukurasa: je, aliyeweka kiungo hiki angekiacha kama angeona ninachotaka kuweka mimi? Kiungo cha mhadhiri aliyewapeleka wanafunzi wake kwenye ripoti ya maji ni cha thamani iwapo ripoti hiyo, au iliyo bora kuliko hiyo, itakuwepo. Kama itakuwepo bei ya simu, kiungo hicho ni mzigo.

Tazama pia maneno ya viungo. Domeni ya shirika la Moshi ikiwa na viungo mia nne vyenye maneno ya dawa za nguvu za kiume kwa lugha tano, huna haja ya kuendelea. Mwisho, andika neno site, nukta mbili na domeni kwenye Google uone kama kuna kurasa zozote. Kutokuwepo hakuthibitishi adhabu kwa domeni iliyozimika muda mrefu, lakini kukuta kurasa za kamari kunathibitisha mengi. Angalia pia kama domeni ipo kwenye orodha za Spamhaus, shirika linalofuatilia watumaji wa barua taka, hasa ukikusudia kutuma barua pepe kupitia jina hilo.

9. Domeni ina DR 55. Je, hiyo haitoshi?

Haitoshi. DR ya Ahrefs, DA ya Moz na Trust Flow ya Majestic ni makadirio ya kampuni binafsi kuhusu nguvu ya domeni, yanayotokana na viungo ambavyo roboti zao zimeviona. Google haizitumii, na kampuni hizo hazina njia ya kuona ni viungo gani Google imeamua kuvipuuza. Google ilikuwa na kipimo chake cha PageRank kilichoonekana kwa umma, nayo ilikiondoa mwaka 2016, kwa sehemu kubwa kwa sababu kilikuwa kimegeuzwa bei ya soko.

Zaidi ya hayo, namba hizi hupandishwa kwa makusudi. Viungo vichache vinavyopitia anwani za uelekezaji za tovuti kubwa vinaweza kuiinua domeni tupu hadi ionekane ya kifahari. Zitumie kuchuja orodha ndefu iwe fupi, kisha urudi kwenye swali la 8.

10. Zinapatikana wapi, na kwa bei gani?

Orodha kubwa huru ni ExpiredDomains.net. Minada hufanyika kwa wasajili wakubwa kama GoDaddy na kwa wanaodaka majina yanapoachiwa, kama DropCatch na SnapNames. Kudaka kwa mkono domeni nzuri ya .com dakika inapoachiwa hakuwezekani tena, kwani mitambo yao hutuma maombi mengi kwa sekunde kuliko vidole vya mtu.

Bei ya chini ni ada ya kawaida ya usajili: Verisign, inayoendesha .com, ilianza kuwatoza wasajili dola 10.26 kwa mwaka Septemba 2024, nao huongeza chao. Bei ya juu haina kikomo. Jiwekee kiwango kabla mnada haujaanza na usikivuke, maana saa ya mwisho ya mnada ina hila ya kumfanya mtu ashindane na mpinzani badala ya kununua kitu.

11. Vipi kuhusu domeni za .co.tz na .co.ke?

Hizi hazifuati ratiba ya ICANN iliyoelezwa kwenye swali la 2. Kila nchi ina kanuni zake, za Kenya zikisimamiwa na KeNIC, kwa hiyo muulize msajili wako vipindi vinavyotumika kabla ya kupanga lolote. Domeni za .go.tz, .go.ke na nyingine za serikali haziwezi kusajiliwa na mtu binafsi.

Soko la minada kwa majina ya kwetu ni dogo, na kwa maoni yangu hilo halina hasara. Mtu anayeandika kwa Kiswahili hukutana na ushindani mwepesi kuliko wa Kiingereza. Makala moja iliyoeleza sawasawa namna ya kufuatilia kitambulisho cha NIDA au kukata leseni ya biashara, ikiwa na hatua sahihi na ada za sasa, inaweza kupata nafasi nzuri kwenye domeni mpya kabisa. Fedha za mnada hufanya kazi zaidi zikilipwa kwa mwandishi.

## Baada ya kununua

12. Nijenge tovuti upya, au nielekeze domeni kwenye tovuti yangu iliyopo?

Ikiwa domeni ilikuwa ya jambo lilelile unalolifanya, njia zote mbili zinawezekana. Mchapishaji wa habari za kilimo anayenunua domeni ya jarida la kilimo lililokufa anaweza kuelekeza kila ukurasa wa zamani, kwa msimbo 301 (uelekezaji wa kudumu), kwenye ukurasa wake unaojibu jambo lilelile: makala ya mnyauko wa migomba iende kwenye makala ya mnyauko wa migomba. Kazi hiyo ni ya jedwali la safu mbili, anwani ya kale na anwani mpya, na ni ya kuchosha. Wengi huikwepa kwa kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mwanzo, ambapo Google huweza kuzihesabu anwani hizo kuwa kurasa zisizokuwepo, na viungo vyote vikaishia hewani.

Kujenga upya hufaa pale jina lenyewe bado linakumbukwa na wasomaji. Hapo anza kwa kutafuta anwani zenye viungo vingi zaidi na uziandikie maudhui mapya yanayostahili anwani hizo. Ukurasa usioweza kuupatia mrithi wa haki, uache useme haupo. Si kila kiungo ni cha kuokolewa.

Ikiwa domeni haihusiani na kazi yako, rudi kwenye swali la 6. Jibu liko huko.

13. Je, naweza kurudisha makala za zamani kutoka Wayback Machine?

Makala hizo si zako. Ulichonunua ni haki ya kutumia jina, na hakimiliki ya maandishi na picha inabaki kwa aliyeyatunga au taasisi yake hata kama tovuti imezimwa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina sheria yake ya 2001, na hakuna mojawapo inayosema hakimiliki hufa domeni inapoisha muda. Wapo wanaouza programu za kuvuna tovuti nzima kutoka kwenye kumbukumbu na kuipandisha upya kwa saa moja. Kuwepo kwa chombo hakuhalalishi kazi yake.

Njia ya haki ni kumtafuta mwandishi na kumwomba ruhusa kwa maandishi. Nimeshangazwa mara kadhaa na jinsi watu wanavyofurahi kuambiwa kwamba kazi yao ya miaka 10 iliyopita bado inatafutwa. Kuiandika upya kazi yake kwa mashine na kubakiza jina lake, kama ilivyotokea TUAW, ni kosa juu ya kosa.

14. Nikinunua domeni kumi na kuziunganisha zote na tovuti yangu?

Huo ndio mtandao wa tovuti za kificho, na umekuwa kinyume cha sera za Google za viungo muda mrefu kabla ya sera ya 2024. Mwaka 2014 Google iliiondoa mitandao mingi ya namna hiyo kwa mpigo mmoja. Wanaoiendesha hulazimika kutofautisha wasajili, seva, mandhari, hata mtindo wa uandishi, ili isionekane ni mkono mmoja. Na bado kila tovuti inahitaji malipo ya kila mwaka na makala za kuipa uhai. Ukijumlisha gharama hizo utaona kwamba ungeweza kuendesha gazeti dogo.

15. Nimegundua domeni ina adhabu iliyoachwa na mmiliki wa zamani. Nifanyeje?

Adhabu iliyotolewa kwa mkono na wakaguzi wa Google hufuata domeni, na mmiliki mpya huweza kuiona baada ya kuthibitisha umiliki kwenye Search Console, chombo cha Google kwa wenye tovuti. Fanya hivyo siku ya kwanza. Ukiikuta, ondoa kilichosababisha, kisha tuma ombi la kufikiriwa upya ukieleza kwa lugha ya kawaida kwamba umiliki umebadilika lini, ulikuta nini na umefanya nini. Ukitumia domeni kwa namna inayokatazwa kwenye swali la 5, usitarajie ombi hilo kukubaliwa.

Tazama pia kama mmiliki wa zamani aliomba anwani zifichwe kwenye matokeo. Maombi hayo hudumu takriban miezi sita na yanaweza kufutwa hapohapo kwenye Search Console. Kwa adhabu za mashine hakuna dirisha la kuulizia. Kuna kazi, na kuna kusubiri.

## Mambo ya pembeni

16. Barua pepe za mmiliki wa zamani zinaniingia. Je, ni halali kuzisoma?

Ukiweka mpangilio wa kupokea barua zote zinazotumwa kwenye domeni, zitakuja: ankara, taarifa za benki, matokeo ya vipimo, na viungo vya kubadilisha nywila za akaunti zilizofunguliwa kwa anwani za zamani. Mwaka 2018 mtafiti wa usalama nchini Australia alisajili upya domeni zilizoachwa na kampuni za mawakili na akaonyesha kwamba barua za siri ziliendelea kumiminika.

Usiweke mpangilio huo. Fungua tu anwani unazozihitaji, na nyingine ziache zirudi kwa mtumaji. Kukusanya na kutumia taarifa za watu usiohusiana nao kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 au ile ya Kenya ya 2019, na kutumia barua hizo kuingia kwenye akaunti ya mtu ni jinai bila kuhitaji maelezo.

17. Domeni ina jina la kampuni iliyofungwa. Je, niko salama?

Kampuni kufungwa hakumaanishi alama yake ya biashara imekufa. Huenda iliuzwa pamoja na mali nyingine. ICANN ina utaratibu wa usuluhishi uliopitishwa mwaka 1999, ambao kesi zake nyingi husikilizwa na Shirika la Hakimiliki Duniani, WIPO, na mlalamikaji akithibitisha kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba huna haki nalo na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, huhamishiwa jina na wewe hurudishiwi fedha. Kuwa na domeni ya mtu ili kupokea wageni wake ni nia mbaya inayothibitika kirahisi.

18. Domeni yangu mwenyewe imeisha na mtu ameichukua. Bado kuna njia?

Angalia kwanza uko hatua gani kwenye swali la 2. Ndani ya kipindi cha neema unalipa ada ya kawaida. Kwenye ukombozi unalipa zaidi lakini bado ni yako. Ikishasajiliwa na mwingine kinachobaki ni kuzungumza bei, au usuluhishi wa swali la 17 ikiwa una alama ya biashara.

Chanzo cha kesi nyingi ninazoletewa ni kimoja: domeni iliandikishwa kwa jina na barua pepe ya fundi aliyetengeneza tovuti. Fundi akahama mji, akabadili namba, taarifa zote tatu za msajili zikaenda kwenye sanduku asilolifungua, na mwenye biashara akajua siku mteja alipompigia kumuuliza kwa nini tovuti yake inauza vidonge. Ingia leo kwa msajili wako uhakikishe barua pepe ya mwenye domeni ni yako na malipo yanajirudia yenyewe. Wakubwa nao huteleza: mkesha wa Krismasi wa 1999 huduma ya Hotmail iliyumba kwa sababu Microsoft haikulipia passport.com, hadi mtu wa nje alipotoa dola 35 kwa kadi yake.

19. Je, blogu iliyokufa ya Blogspot au WordPress.com inaingia kwenye habari hizi?

Haiingii. Anwani inayoishia na blogspot.com ni chumba ndani ya domeni ya mwingine, na hatima yake huamuliwa na mwenye nyumba. Blogu nyingi za Kiswahili zilizonyamaza baada ya kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 nchini Tanzania zilikuwa za aina hiyo, na ndiyo maana hazionekani kwenye minada.

20. Mradi wetu unafungwa. Domeni tuifanyeje?

Swali hili huulizwa mara chache kuliko linavyostahili. Mradi wa ufadhili ukifikia mwisho, magari hugawiwa, kompyuta huhesabiwa na kutiwa saini, na domeni husahaulika, ingawa ndiyo mali pekee ambayo mgeni anaweza kuichukua kesho na kusema kwa jina lenu. Ripoti zenu zimetajwa na vyuo na wizara. Hivyo ndivyo viungo vinavyowindwa na watu wa swali la 7.

Ikiwa kuna shirika mama, lipeni domeni mbele, hadi miaka 10 kama ni .com, na kuielekeza kila anwani kwenye nakala yake kwenye tovuti ya shirika hilo. Kwa .com gharama hiyo haifiki bajeti ya chai ya semina moja. Iweni na mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo, si kwa jina, anayepokea taarifa za msajili.

Ikiwa hakuna wa kulipa, basi fungeni kwa mpangilio. Hamisheni ripoti kwenye hifadhi ya chuo au maktaba, waandikieni wenye kurasa kuu zinazowaelekeza wabadili viungo, futeni kila akaunti ya benki, ya mtandao wa kijamii na ya huduma za mtandaoni iliyofunguliwa kwa barua pepe ya domeni hiyo, na muwatangazie wadau tarehe ambayo anwani hizo hazitakuwa zenu tena. Fanyeni hayo miezi sita kabla, wakati bado kuna mtu ofisini anayejua nywila.